Fungu la Malindi

Malindi,
9 Machi 1986

Kwa Bi. Mwikali,
Ofisi ya Hesabu za Damu, Kilifi.

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia maana hao ndio wengi, ya kwamba siku ya Jumamosi iliyopita, mbele ya mashahidi wawili na paka, kompyuta ya nyumba hii ilivishwa nguo. Sherehe ilikuwa fupi. Mwenye nyumba hakupewa nafasi ya kusema neno.

Nguo yenyewe ni kitambaa cha kufuma kwa sindano, kazi ya binti yangu Kadzo, aliyekifuma kitandani juma lile miguu ilipomkatalia kabisa. Televisheni inacho chake, redio inacho chake, hata mtungi wa maji unacho, na mama yake akaona ni aibu mashine inayofanya kazi ya daktari kukaa uchi mbele ya wageni. Sasa Kadzo ametoa amri: kitambaa hakiguswi na mtu isipokuwa yeye. Nikitaka kuanza kazi inanibidi nipige hodi. Anakuja polepole, anakiondoa kwa vidole viwili, anakikunja, anakiweka mapajani, na hapo anakaa mpaka mashine imalize. Kisha anakirudisha na kunyoosha pembe zake. Mimi fundi wa umeme nimesimamiwa na mameneja wa hoteli wa kila aina, na sijasimamiwa hivi.

Sasa kazi. Fungu la hesabu ulilonitumia limekwisha, majibu yamo katika kaseti hii. Mwanzo kaseti yako ilikataa kuingia. Mashine ilipiga kelele kama kuku waliofungiwa, kisha ikaandika kuwa kuna kosa, bila kusema la nani. Nikasafisha kichwa cha redio ya kaseti kwa pamba na spiriti, nikapunguza sauti, ikakubali. Waambie wenzangu wa nyumba nyingine: sauti ikiwa juu mno mashine haielewi kitu, kama mtu anayefokewa.

Uliniuliza nilisomea wapi. Umeme nilisomea kwa kupigwa na umeme. Kompyuta niliachiwa na meneja mmoja aliyerudi kwao akaona haiingii sandukuni. Aliacha na kitabu chake cha Kijerumani. Kijerumani sikijui, lakini picha zake zilikuwa zinasema Kiswahili.

Tena usiniite Mzee Charo. Mzee Charo ni baba yangu, yuko Jilore na mihogo yake. Mimi hapa mtaani ni Baba Kadzo.

Wako,
Lewa Charo

Dada Mwikali, ni mimi Kadzo. Baba anapenda kuongeza chumvi. Paka hakuwapo. Naomba uniulizie kwa daktari, mimi katika hizo hesabu ni namba ngapi?

---

Kilifi,
17 Machi 1986

Baba Kadzo,

Shikamoo. Kaseti imefika salama. Kama unavyojua, kila fungu tunalipeleka nyumba mbili, na majibu yakilingana ndipo daktari anayaamini. Mwenzako safari hii alikuwa Bwana Maina wa Mtwapa. Mmelingana mpaka tarakimu ya mwisho. Daktari alicheka peke yake ofisini, jambo ambalo sijapata kuliona.

Na huyu Kadzo nitamjibu mwenyewe. Kadzo, katika hesabu hizi watoto hawana majina wala namba zao. Tumekusanya habari za kila kliniki ya pwani: mtoto mwenye damu kama yako, ile ambayo chembe zake hupinda kama mundu, alishikwa na maumivu lini, alilazwa lini, mvua ilikuwa imenyesha kiasi gani. Daktari anataka kujua mwezi ulio mbaya kuliko yote, ili dawa na damu ziwe zimefika kliniki kabla ya mwezi huo, si baada yake. Mashine kubwa ya kufanya hesabu zote kwa mara moja hatuna, na ya kukodi hatuiwezi. Ndiyo maana tunawategemea watu kama baba yako, kila nyumba fungu lake.

Wewe umo katika fungu la Malindi. Hilo litakuwa la mwisho, kwa sababu kliniki ya huko huchelewa kuleta habari zake. Nimekwisha kuliandikia nyumba yenu. Litafanywa na baba yako, wewe ukiwa umeketi hapo na kitambaa chako.

Baba Kadzo, nisikufiche. Hesabu hizi hazitamponya. Pengine zitasaidia dawa ziwepo siku anapozihitaji. Najua uliandika kwa mzaha kwamba mashine inafanya kazi ya daktari, lakini nililisikia swali ndani yake.

Kitambaa nimekipenda kabla ya kukiona. Redio yangu hapa chumbani imevaa cha mama yangu, alichonipa nilipotoka Kitui.

Ni mimi,
Mwikali

---

Malindi,
6 Mei 1986

Bi. Mwikali, mwanangu,

Marahaba. Majibu haya hapa. Umeme ulikatika nikiwa nimebakiza kidogo nikaanza upya, kisha ukakatika tena nikaanza upya. Nimejifunza kumbe subira ni kitu unachoweza kukirudia.

Mvua imeshuka na nyumba imeingia baridi. Kadzo hayuko vizuri. Mikono inamvimba, na usiku mama yake humkanda kwa maji ya moto. Asubuhi lakini huamka kuja kukiondoa kitambaa. Nilimwambia alale, nitakiondoa mimi. Akanitazama kama nimemwambia nitamlia chakula chake.

Jana alikaa na kitambaa mapajani, mashine inafanya kazi. Akaniuliza, "Baba, hii huwa inachoka?"

Nikamwambia mashine haichoki.

Akasema, "Basi ina bahati."

Anauliza fungu la Malindi limefika wapi. Mwambie daktari aiharakishe hiyo kliniki. Mimi nikiwaharakisha wataniuliza mimi ni nani, na jibu langu litakuwa refu.

Wako,
Baba Kadzo

---

Kilifi,
19 Juni 1986

Baba Kadzo,

Shikamoo. Kaseti yako imefika bila barua. Hiyo si desturi yako. Niliifungua bahasha nikaitikisa, nikidhani barua imenasa ndani.

Majibu yako na ya Bwana Maina hayakulingana. Si kwa kidogo. Mwanzo mko pamoja vizuri, kisha katikati hesabu zako zinapotea kama mtu aliyekatishwa njia. Nimelifanya fungu hilo mwenyewe kwa mashine ya ofisi, na nimepata ya Maina.

Tafadhali angalia mambo haya. Safisha tena kichwa cha redio ya kaseti. Angalia plagi kama haichezi. Angalia kama umeme unapungua nguvu wakati friji ya jirani inapowaka. Na kama kuna jambo lolote limebadilika nyumbani, niandikie.

Msalimie Kadzo. Mbona safari hii hakuongeza neno lake chini?

Mwikali

---

Malindi,
27 Juni 1986

Bi. Mwikali,

Nimeyaangalia yote uliyosema na mengine ambayo hukuyasema. Kichwa kimesafishwa mpaka kinang'aa. Plagi imekaza. Jirani hana friji; ana ndoto ya kununua friji, lakini hiyo haili umeme. Nilipima waya wote, nikabadilisha fyuzi iliyokuwa nzima kwa nyingine nzima, ili tu nijione nimefanya kazi.

Kwa hivyo namfikiria huyu Bwana Maina. Si kwamba namsema vibaya, sijapata kumwona. Lakini mtu anayekaa Mtwapa, baa upande huu na baa upande ule, kompyuta yake itahesabu nini na muziki ule? Na wewe ukapata sawa na yeye. Pengine mmekosea pamoja. Watu hukosea pamoja, hata kanisani.

Kadzo yuko Jilore, kwa babu yake. Tulikuwa huko sote kwa majuma kadhaa, ndiyo sababu ya kuchelewa. Nyumbani hakuna kilichobadilika.

Naomba fungu jingine. Mashine haitakosea.

Lewa Charo

---

Kilifi,
14 Julai 1986

Baba Kadzo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Kadzo yuko kwa babu yake. Hewa ya Jilore itamfaa, huko ni kukavu kuliko Malindi, na mihogo ya babu haijamshinda mtu.

Habari niliyo nayo si nzuri. Fungu la pili nililokutumia nalo halikulingana. Daktari ana sharti lake, na si mimi niliyeliweka: nyumba ikikosea mara tatu mfululizo inaondolewa. Si adhabu. Anasema jibu la uongo likiingia katika hesabu, dawa zitapelekwa mwezi usio wake.

Habari za kliniki ya Malindi zimekuja. Fungu la Malindi liko juu ya meza yangu sasa hivi ninapoandika. Daktari anataka nilipeleke kwa Bwana Maina na mwingine wa Mombasa. Nimemwambia anipe muda.

Nakutumia fungu jingine kwanza. Lifanye kwa makini. Mashine ikiwa katikati ya kazi, weka mkono juu yake uniambie kama ina joto kupita kiasi. Na nakuuliza tena, tafadhali usikasirike: ni kitu gani kimebadilika?

Mwikali

---

Malindi,
22 Julai 1986

Bi. Mwikali,

Fungu ulilonitumia si jipya. Nililifanya Februari. Ulibadilisha karatasi ya juu ya kaseti, lakini namba zake za mwanzo nilizijua, maana Kadzo alikuwa akizisoma kwa sauti kama mtu anayeita majina ya wanafunzi, na moja aliipenda akairudia siku nzima. Sikukasirika. Hotelini fundi mpya nami humpa redio nzima aitengeneze, nione atasemaje.

Basi nikusaidie kunikamata. Februari majibu yalikuwa sahihi. Safari hii nimepata mengine. Fungu ni lile lile, kaseti ni nzuri, fundi ni yule yule. Mwenye kosa ni mashine yangu. Bwana Maina namwomba radhi, na baa zake pia.

Uliuliza habari ya joto. Mkono wangu umeshika vyuma vya moto miaka mingi, hauna tena maoni yake. Uliuliza nini kimebadilika. Meza iko pale pale. Televisheni iko pale pale. Dirisha linafunguka upande ule ule. Kila kitu kiko kama kilivyoachwa.

Bi. Mwikali, usimpe Maina fungu la Malindi. Ukitaka nifanye mengine mia bila kuhesabiwa, nitayafanya. Lile lilikuwa letu, uliandika mwenyewe. Naomba. Sina neno jingine la kuweka hapa, na unajua mimi si mtu wa kukosa maneno.

Lewa Charo

---

Kilifi,
30 Julai 1986

Baba Kadzo,

Shikamoo, na unisamehe kwa ile kaseti. Niliona haya tangu nilipoipeleka posta.

Jambo limetokea ofisini. Dena, mwenzangu wa masjala, alikerwa na vumbi akaleta kitambaa kutoka kwao akaifunika kompyuta yetu, mimi nikiwa nimetoka kula na mashine ikiwa katikati ya hesabu. Niliporudi ilikuwa ya moto kama pasi na imeanza kuandika upuuzi. Dena akaniuliza, "Kwani kwenu redio hamfuniki?" Kwetu tunafunika. Tangu nizaliwe sijaona kitu chenye waya kikae bila kitambaa, na nadhani ndiyo maana sikukifikiria. Mtu hafikirii kitu anachokiona kila siku.

Nikarudia barua zako zote. Kile kitambaa cha Kadzo. Mwanzo hakikuwa na ubaya, kwa sababu kila ukianza kazi alikuwa anakuja anakiondoa, na mashine inapumua. Yeye tu ndiye aliyeruhusiwa.

Sasa Kadzo yuko Jilore. Nani anakiondoa?

Lile la Februari lilikuwa la kujaribu, sikulihesabu. Nimeweka fungu la Malindi katika bahasha hii. Daktari hajui. Bwana Maina naye amepelekewa lile lile, la kulinganisha. Likitoka sawa, nitamwambia daktari. Likikosea nitamwambia pia, na itakuwa basi.

Mwikali

---

Malindi,
8 Agosti 1986

Bi. Mwikali, mwanangu,

Hakuna anayekiondoa.

Kadzo alikwenda hospitali siku ya Ijumaa, mwezi wa Mei, mvua ikinyesha. Asubuhi ile tulikuwa tumemaliza kazi mapema. Alikirudisha kitambaa, akanyoosha pembe zote nne, moja ikamkatalia akairudia. Gari lilikuwa limefika mlangoni. Mama yake akamwambia, "Kadzo, twende, gari halingoji kitambaa." Akaniambia mimi, "Baba, nisije nikakuta umekigusa." Nikamwambia nani angethubutu.

Hospitali walifanya waliyoweza. Damu ya kuongezewa iliagizwa, ikawa njiani. Tulimpeleka Jilore Jumatatu, tukamzika nyuma ya nyumba ya baba yangu, karibu na bibi yake. Sikukuandikia uongo. Niliandika yuko Jilore kwa babu yake, na ndiko aliko. Lakini najua ulichosoma, na nilijua utakachosoma.

Baada ya matanga nilirudi kazini, nikarudi na kwenye mashine. Kitambaa kilikuwa kama alivyokiacha, ile pembe moja imeinuka kidogo. Nilipitisha mikono chini yake nikaiwasha. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi yako yote ya Juni na Julai, mikono chini ya kitambaa kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku anayeatamia. Joto nililisikia. Kila siku nalikemea jiko la hoteli kwa kuanika vitambaa vya meza juu ya friji, nikiwaeleza wapishi habari ya hewa na joto mpaka wanikimbie. Mama Kadzo alinitazama siku nyingi. Juzi akasema, "Hiyo mashine unaichoma, Baba Kadzo, na yeye alikuwa anaipenda." Akaenda zake jikoni.

Barua yako ilifika siku ya pili yake.

Leo asubuhi nilipiga hodi. Katika sebule yangu mwenyewe, mlango ukiwa wazi, mtu mzima, nikapiga hodi. Nikangoja kidogo. Kisha nikakiondoa kwa vidole viwili, nikakikunja, nikakiweka mapajani, nikakaa nacho mpaka fungu la Malindi likamalizika. Mashine haikupata joto. Kulikuwa na vumbi juu yake lenye alama za maua ya kile kitambaa, nikalipangusa.

Majibu yamo katika kaseti. Ikiwa hayalingani, basi kosa ni langu mimi na si la mashine.

Baba Kadzo

---

Kilifi,
25 Agosti 1986

Baba Kadzo,

Shikamoo. Nilichana karatasi nyingi kabla ya hii. Nilitaka kuuliza kama bado nikuite hivi, nikamwandikia mama yangu Kitui kumuuliza, naye akajibu kwamba jina hilo haliondoki. Poleni sana, wewe na Mama Kadzo. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hewa ya Jilore itamfaa. Naomba mnisamehe kwa mstari ule.

Majibu yamelingana. Bwana Maina, wewe, na mimi niliyelifanya wa tatu. Nilimwambia daktari yote. Akaniambia niliweke jina la nyumba yako katika ripoti.

Hesabu zimekwisha sasa, mafungu yote yameunganishwa. Una haki ya kulijua jibu kabla ya watu wengine. Mwezi ulio mbaya kuliko yote, kwa watoto wa pwani nzima na zaidi kwa wa Malindi, ni Mei.

Nitakuja kuwaona Jumapili ya kwanza ya Oktoba, mkinikaribisha.

Mwikali

---

Malindi,
3 Septemba 1986

Mwanangu Mwikali,

Karibu Oktoba. Mama Kadzo anauliza kama unakula samaki, watu wa kwenu wengine hawali. Usilete kitu.

Jibu tumelipokea. Katika nyumba hii tulikuwa tunalijua, lakini sisi tulikuwa tunajua la mtoto mmoja, na daktari haamini jibu la nyumba moja. Ni sharti zuri. Mwambie katika ripoti asiandike Mei tu. Aandike Aprili, kwa herufi kubwa, kuwa ndipo damu na dawa ziwe zimefika. Ukiandika Mei, watu watapeleka Mei.

Umesema nyumba yetu itawekwa katika ripoti. Ikiwa kuna nafasi, weka kwamba kazi ya kuiondolea nguo mashine ilikuwa ya Kadzo Lewa. Ikiwa hakuna nafasi, basi.

Kitambaa mama yake alikifua juzi kwa maji ya moto. Kimepungua. Hakitoshi tena juu ya kompyuta.

Baba Kadzo